Akiwa 18 aliruka umbali wa dhahabu. Akiwa 19 tunaambiana ameshuka

Ijumaa ya Agosti 9, saa tatu na robo usiku hivi, kibanda tunachotazamia mpira mtaani kwetu kilikuwa kimejaa wasee wanaomngoja Beatrice Chebet. Mbio zake za mita 10,000 zilikuwa bado dakika kama arobaini, na Paris ilikuwa inatuonyesha vitu vya kupitisha muda. Kwenye skrini kulikuwa na wanaume wanaoruka na kutua mchangani. Hakuna aliyejali.

Kisha akaja kijana wa Jamaica anayeitwa Jaydon Hibbert, na mimi nikaropoka: "Huyu nilimwona Kasarani!" Si kweli kabisa. Yale mashindano ya Kasarani ya 2021 mashabiki tulifungiwa nje kwa sababu ya corona, na mimi nilimtazama kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Lakini alikuwa Kasarani. Alikuwa na miaka 16, na aliondoka Nairobi na medali ya fedha shingoni.

Jamaa aliyekaa kando yangu, fundi wa simu hapo stejini, akaniuliza kijana amefika wapi tangu hapo. Nikamwambia: rekodi ya dunia ya chipukizi, mita 17.87, akiwa na miaka 18. Akanyamaza, akaanza kutazama kwa makini. Ikaisha hivi: nafasi ya nne, mita 17.61. Fundi akatingisha kichwa. "Basi ameshuka, buda." Baadaye Chebet akachukua dhahabu yake, kibanda kikalipuka, na Mjamaika akasahaulika kabla hajafunga begi.

Mimi neno "ameshuka" lilinikwama. Labda ni kwa sababu limewahi kutupwa upande wangu pia. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na nina shangazi ambaye hadi leo akiniona kwenye harusi ananiuliza "ulifika wapi" kwa sauti ya mtu anayeuliza kuhusu gari lililoibwa. Kwa hivyo wacha nimtetee huyu Hibbert, lakini kwa hesabu, si kwa huruma.

Turudi Agosti 2021. Mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20 pale Kasarani yalikuwa darasa la ajabu, na sidhani wengi wetu tulijua tunaangalia nini. Letsile Tebogo wa Botswana alishinda mita 100. Emmanuel Wanyonyi wetu alishinda mita 800 kwa dakika 1:43.76. Na kwenye shimo la mchanga, Hibbert aliruka mita 16.05 akamaliza wa pili nyuma ya Gabriel Wallmark wa Sweden.

Sasa angalia Paris, miaka mitatu baadaye. Alhamisi Tebogo anashinda mita 200 kwa sekunde 19.46. Ijumaa Hibbert anakuwa wa nne. Jumamosi Wanyonyi anashinda mita 800 kwa 1:41.19. Watatu wa darasa moja, siku tatu mfululizo, wawili na dhahabu. Ukiweka hivyo, ni rahisi kusema huyu wa katikati ndiye aliyeachwa na gari.

Lakini Wanyonyi mwenyewe, yule tuliyembeba mabegani Jumamosi ile, alimaliza wa nne kwenye mashindano ya dunia kule Oregon mwaka 2022. Alikuwa hajafikisha hata miaka 18. Mwaka uliofuata, Budapest, akapata fedha. Halafu Paris. Sikumbuki mtu yeyote mtaani akisema ameshuka baada ya Oregon. Tulisema "bado mtoto." Kwani kwa nini Mjamaika wa miaka 19 asiwe mtoto?

Nadhani jibu ni ile 17.87.

Kwa wale hamjawahi kufuatilia mchezo huu: tunazungumzia miruko mitatu. Unakimbia, unagonga ubao, unaruka na kutua kwa mguu ule ule ulioinukia, unaruka tena na kutua kwa mguu wa pili, kisha unaruka mara ya mwisho hadi mchangani. Ni kama mchezo wa kati tuliokuwa tukichora chini kwa chaki, ila huu unafanywa kwa mwendo wa mtu anayekimbilia matatu ya mwisho. Wanaume wakubwa duniani wakizidi mita 17 unajua wako sawa. Wakizidi 17.50 wanaingia kwenye mazungumzo ya medali. Rekodi ya dunia ni mita 18.29, ya Mwingereza Jonathan Edwards, na imekaa tangu 1995.

Hibbert alitoka 16.05 Agosti 2021 akaenda 17.27 Agosti 2022 kule Cali, Colombia, akatwaa dhahabu ya dunia ya chini ya miaka 20. Mei 13, 2023, mjini Baton Rouge, Marekani, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Arkansas, akaruka 17.87. Rekodi ya chipukizi aliyoifuta ilikuwa 17.50 ya Volker Mai wa Ujerumani Mashariki, ya mwaka 1985. Nchi yenyewe ya Mai ilishafutika kwenye ramani kitambo, lakini rekodi yake ilikuwa bado inadunda.

Kutoka Kasarani hadi Baton Rouge ni miezi 21 na sentimita 182. Hiyo nyongeza peke yake ni urefu wa mtu mrefu amelala chini. Miili haikui hivyo kila siku, na hapo ndipo shida inaanzia, maana sisi watazamaji tukishaona mstari unapanda namna hiyo tunachukua rula na kuuendeleza wenyewe: 17.87 akiwa 18, basi 18 na kitu akiwa 19, basi Edwards aanze kuaga. Mguu wa mtu hauijui hiyo rula.

Na mguu ndio unaolipa. Wataalamu waliopima warukaji wamepata kwamba mguu ule unapotua baada ya mruko wa kwanza na kuinuka tena papo hapo, unaweza kubeba mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kumi na zaidi. Chukua kijana wa kilo 70. Hiyo ni kilo 700 na zaidi, bodaboda tano au sita zimepangwa juu ya goti moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Halafu mguu wa pili unapewa zamu yake. Halafu unarudi nyuma unajipanga kufanya tena, mara sita ukiwa fainali, na mazoezini ni mara nyingi ambazo hakuna anayezionyesha kwa runinga.

Sasa panga mwaka wa Hibbert wa 2023. Machi alishinda taji la vyuo vya Marekani la ukumbini, kwa mita 17.54. Mei, Baton Rouge. Juni, taji la vyuo la nje. Mwaka huo huo akapewa Bowerman, tuzo kubwa kabisa ya wanariadha wa vyuo kule. Kisha Agosti, wakati wanafunzi wenzake wako likizo, yuko Budapest kwenye mashindano ya dunia ya watu wazima.

Mchujo ukafanyika. Hibbert akaruka mita 17.70, ya kwanza kati ya wote. Kila mtu akajua dhahabu inaenda Kingston. Fainali ikaja, akakimbia kwa jaribio lake la kwanza, na mwili ukakataa. Jeraha. Hakuruka tena usiku ule.

Dhahabu ilienda kwa Hugues Fabrice Zango wa Burkina Faso. Umbali wake? Mita 17.64.

Soma tena hizo namba mbili. Mchujo 17.70, dhahabu 17.64. Lakini sheria ni kwamba umbali wa mchujo hauvuki kwenda fainali. Unalala na kuamka ukiwa sufuri kama wengine. Na ukitaka kuumia zaidi, ngoja Paris: dhahabu ilienda kwa Jordan Díaz wa Uhispania kwa mita 17.86. Rekodi ya Hibbert ya akiwa na miaka 18 ni 17.87. Sentimita moja juu ya bingwa wa Olimpiki. Yaani kijana huyu amewahi kuruka umbali unaotosha dhahabu ya dunia na umbali unaotosha dhahabu ya Olimpiki, na kabati lake la watu wazima halina hata shaba. Hiyo shaba ya Paris ilikuwa 17.64, aliikosa kwa sentimita 3, upana wa vidole viwili.

Najua mtasema riadha ni siku yenyewe, si siku nyingine. Sawa kabisa. Medali haitolewi kwa historia. Mimi ninachokataa ni neno "ameshuka" kwa mtu aliyetoka kwenye jeraha la fainali ya dunia, na chini ya mwaka mmoja baadaye akawa wa nne kwenye Olimpiki yake ya kwanza, mbele ya huyo huyo Zango, aliyemaliza wa tano. Ukiniuliza, 17.61 ya Paris ni mruko mkubwa kuliko 17.87 ya Baton Rouge. Ule wa kwanza aliruka kabla hajajua mguu unaweza kumsaliti. Wa pili aliruka akijua.

Swali gumu zaidi ni kama angelindwa. Mashindano ya ukumbini mapema mwakani, ya nje hadi Juni, kisha timu ya taifa hadi mwisho wa Agosti, mwili wa miaka 18. Sina cheti cha udaktari (sina cheti cha chochote, kusema ukweli), lakini ratiba hiyo inanitisha. Chuo kinataka pointi. Taifa linataka bendera. Mashabiki wanataka rekodi. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye msuli ni wake.

Hata hivyo sitaki kuwafanya wote wabaya, kwa sababu upande wa pili una hoja nzito. Arkansas walimpa kocha, madaktari, ukumbi wa kurukia wakati nje kuna baridi. Na mlango wa pesa ni mwembamba sana kwa mrukaji. Mkimbiaji wa Kenya ambaye hajafuzu timu ya taifa anaweza kwenda Ulaya, akimbie mbio za barabarani wikendi tatu, arudi na kitu cha kununua ploti. Mrukaji hana mbio za barabarani. Ana Diamond League, ana mashindano makubwa, ana mdhamini kama akibahatika. Paris ilikuwa mara ya kwanza kwa shirikisho la riadha duniani kuwalipa mabingwa wa Olimpiki, dola 50,000 kwa dhahabu. Wa pili kutoka kwa mfuko huo? Hakuna. Wa nne usiulize. Kwa hivyo kijana akipata nafasi akiwa 18, kumwambia "tulia, ngoja" ni rahisi kwa sisi ambao si sisi tunaongoja. Kabla ya Paris, Hibbert alikuwa ameshaacha mashindano ya chuo na kuwa mwanariadha wa kulipwa. Mimi nilipoacha chuo hakuna aliyekuwa getini na mkataba, kwa hivyo siwezi kumhukumu.

Lakini huyo Jordan Díaz aliyeshinda Paris ana stori ambayo Wakenya tungepaswa kuijua kwa moyo, na inageuza hesabu yote ya nani amewahi na nani amechelewa. Julai 2017, mashindano ya dunia ya chini ya miaka 18. Wapi? Kasarani. Safari hiyo milango ilikuwa wazi na watu walijaa hadi pomoni. Díaz, wakati huo wa Cuba, miaka 16, aliruka mita 17.30 pale pale. Hakuna kijana wa umri huo duniani aliyekuwa amewahi kufika hapo.

Linganisha. Akiwa na miaka 16 Kasarani, Díaz aliruka 17.30. Akiwa na miaka 16 Kasarani, Hibbert aliruka 16.05. Tofauti ni mita moja na robo! Siku ile ungeulizwa nani kati yao ataruka 17.87 akiwa na miaka 18, ungemtaja Mcuba bila kufikiri, na ungekosea. Na 2023 ungeulizwa nani atashinda Paris, ungemtaja Mjamaika, na ungekosea tena.

Díaz mwenyewe njia yake haikunyooka. Mwaka 2021 aliacha kikosi cha Cuba akabaki Uhispania, akapata uraia wa huko mwaka uliofuata, lakini sheria za kubadilisha nchi zikamweka nje ya mashindano makubwa hadi 2024. Olimpiki ya Tokyo ikampita. Oregon ikampita. Budapest ikampita. Miaka mitatu ya umri wa dhahabu anatazama kwa runinga kama sisi wa kibandani. Aliporuhusiwa, akaruka 18.18 Roma mwezi Juni na kushinda Olimpiki mwezi Agosti. Sisemi kukimbia nchi yako ni likizo. Nasema tu kwamba miaka ambayo watu wangeiita ya kupotea haikumzuia. (By the way, washindi wote watatu wa medali pale Paris, wa Uhispania, Ureno na Italia, walizaliwa Cuba. Cuba yenyewe ilirudi bila medali ya mchezo huo. Hiyo ni makala nyingine.)

Na wengine waliokula mapema? Wengi hawakula mapema. Zango alipata shaba Doha 2019, shaba Tokyo, fedha Oregon, ndipo dhahabu ya Budapest ikaja akiwa na miaka 30. Pedro Pichardo aliyeshika fedha Paris alikuwa na 31. Edwards, mwenye rekodi ya dunia, hakufika hata fainali ya Olimpiki ya Barcelona 1992, akiwa na miaka 26. Aliweka 18.29 akiwa na 29.

Hapa nyumbani tunayapitia haya tukijikuna kichwa, kwa sababu Kenya haijawahi kupata medali ya Olimpiki kwa kuruka. Kuruka viunzi na maji, hapo sawa, tuna za kugawa. Lakini shimo la mchanga ni pa kufugia kuku. Shule niliyosoma ya msingi ilikuwa na shimo kama hilo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuku wa mwalimu kuoga vumbi. Aliyeruka vizuri siku ya michezo aliambiwa ajaribu mita 200.

Jamaica wana mashindano ya shule wanayoyaita Champs, yaliyoanza 1910, na Hibbert alipitia humo akiwa na jezi ya Kingston College. Pale mshindi wa miruko mitatu analetea shule pointi sawa na mshindi wa mita 100. Kitu kidogo tu hicho, lakini fikiria kinavyobadilisha kichwa cha mwalimu wa michezo: badala ya kuwageuza warukaji kuwa wakimbiaji, anawatafuta. Kwetu sisi, Mathew Sawe aliruka juu mita 2.30 kule Asaba, Nigeria, mwaka 2018, akawa bingwa wa Afrika, na nina uhakika nikimtaja kibandani nitaulizwa anachezea timu gani. Julius Yego ilibidi ajifunze kurusha mkuki kwa video za YouTube kabla ya kuwa bingwa wa dunia. Tunapenda sana kuisimulia hiyo kama stori ya kutia moyo. Ni stori ya aibu pia, ukiigeuza.

Shimo lile la Kasarani limetumiwa na bingwa wa Olimpiki akiwa mtoto na mwenye rekodi ya dunia ya chipukizi akiwa mtoto, ndani ya miaka minne. Baadaye uwanja ulifungwa kwa ukarabati. Majuzi nilikutana tena na yule fundi wa simu, nikampa hizi hesabu zote akiwa anabadilisha kioo cha simu yangu, kile kile cha 2021. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza Díaz alikuwa na miaka mingapi aliposhinda Paris.

Ishirini na mitatu, nikamwambia.

"Na huyo wako atafikisha lini?"

Hibbert alizaliwa Januari 2005. Michezo ya Los Angeles ni Julai 2028. Fundi akahesabu kwa vidole, akaacha bisibisi mezani, akasema kioo ni elfu mbili na mia tano.